Shajara ya mradi: taarifa ya saa moja irudi sebuleni kwa mama

Jumamosi, 18 Januari 2025

Jana usiku stima ilikatika, ikarudi kwa kishindo, na king'amuzi cha mama hakikuamka tena. Nimekifungua asubuhi hii. Kapasita mbili za upande wa umeme zimevimba, moja imepasuka juu. Zinabadilika, lakini kifaa chenyewe tulikinunua mwaka 2015, mwaka ule analogi ilipozimwa nchini na stesheni kubwa zikapotea hewani kwa wiki kadhaa, na rimoti yake imekazwa kwa mpira tangu mwaka juzi. Sikifufui. Pahala pake naweka Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya kibao kimoja, iliyokuwa imelala kabatini.

Lengo nimeliandika kabla ya kushika bisibisi: mama amalize sala ya magharibi, aketi, abonyeze kitufe kimoja, aone taarifa ya habari ya saa moja. Asiniite. Mengine yote ni nyongeza. Ramadhani imebaki wiki sita, na sitaki imkute na kioo cheusi.

Mdogo wangu ameuliza kwa nini nisimwekee tu matangazo ya mtandaoni, stesheni nyingi si ziko huko? Nimempigia hesabu. Picha nzuri ya Mbps 4, yaani megabiti nne kwa sekunde, hula GB 1.8 kwa saa. Saa moja ya habari kila siku kwa siku 30 ni GB 54, na hapo mama hajaangalia tamthilia hata moja. Nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zimetua Mombasa hii hii tangu 2009, mwendo mfupi kutoka tulipo, na bado kila GB inayoingia nyumbani tunailipia. Mawimbi ya hewani hayana bando. Nyumba hizi za Kibokoni nazo zina kuta za matumbawe na chokaa nene kama boma, na waifai ya chumba cha mbele hufika kwa shida sebule ya nyuma. Kwa hiyo antena kwanza, intaneti baadaye.

Jumapili, 19 Januari

Nimeweka LibreELEC 12, mfumo mdogo uliojengwa kuendesha Kodi peke yake, programu ya kuonyesha video na runinga, kwenye kadi ya GB 32. Dakika kumi Kodi imewaka kwenye runinga. Sehemu hii haina hadithi.

Hadithi inaanzia kwenye mawimbi, kwa sababu Kodi haijui kuyakamata. Yenyewe ni dirisha tu. Anayekamata ni seva ya nyuma, nami nimechagua Tvheadend, inayopatikana kwenye hazina ya programu za ziada za LibreELEC na kukaa ndani ya Pi ile ile. Unaifungua kwa kivinjari cha simu kwenye poti ya 9981, na Kodi huongea nayo kupitia poti ya 9982. Mpangilio wake ni wa ngazi: juu kuna mtandao, ndani ya mtandao maltipleksi, yaani kifurushi cha stesheni kadhaa zinazorushwa kwa masafa yale yale, ndani ya maltipleksi kuna huduma, na huduma ndizo zinazogeuzwa kuwa chaneli. Asiyeishika ngazi hiyo atabonyeza usiku kucha.

Masafa nimeyajaza kwa mkono. Bendi ya UHF kwetu imegawanywa kwa hatua za MHz 8: chaneli 21 iko MHz 474, 22 iko 482, hivyo hivyo mpaka 48 iliyo 690. Ni mistari 28. Nimechomeka kijiti cha zamani cha USB kama tyuna, yaani kipokeaji cha mawimbi, kikatambuliwa papo hapo, taa ikawaka, nikaanzisha skani.

Sifuri. Mistari yote 28 imeshindwa.

Nimepoteza saa tatu nikishuku programu, kisha nikasoma maandishi madogo kwenye chipu: RTL2832U. Chipu hiyo inaelewa DVB-T, kiwango cha kurusha runinga ya dijitali hewani, kizazi cha kwanza cha mwaka 1997. Kenya inarusha kwa DVB-T2, kiwango kilichochapishwa 2009, chenye kubeba angalau asilimia 30 zaidi kwenye upana ule ule wa masafa. Majina yanatofautiana kwa tarakimu moja, lakini lugha ni mbili tofauti, na hakuna sasisho litakaloifundisha chipu hiyo lugha ya pili. Anayetaka kufanya kazi hii aanze hapa: kabla ya kutoa pesa, aone "T2" imeandikwa.

Jumatano, 22 Januari

Baada ya kazi nimepita Mwembe Tayari. Maduka mawili walinionyesha vijiti vilivyoandikwa "dijitali" bila zaidi, nikashukuru nikaondoka. La tatu walikuwa na kimoja chenye chipu ya pili ya Panasonic, MN88473, ambayo inasoma T2 na Linux inaijua.

Kuna mtego mwingine hapa. Kijiti hiki huonekana kwenye Tvheadend kama tyuna mbili, ile ya zamani ya RTL na hii ya Panasonic, ingawa mlango wa antena ni mmoja. Ukiwasha ya kwanza unarudi kwenye sifuri ya Jumapili. Nimezima ya RTL, nikawasha ya Panasonic na kuifunga kwenye mtandao wa DVB-T2.

Skani ya pili: maltipleksi moja. Picha ikatokea, mama akapiga kigelegele kifupi, kisha uso wa msomaji habari ukavunjika vipande vya mraba na sauti ikakatika.

"Mbona yakatika?"

"Mawimbi ni dhaifu, mama. Nipe siku mbili."

Tvheadend ina ukurasa wa hali ya tyuna unaoonyesha uwiano wa mawimbi na kelele. Wangu ulikuwa unapanda na kushuka karibu na desibeli 9. Zamani za analogi mawimbi dhaifu yalileta chenga, nawe ungeweza kuangalia mpira mzima ndani ya chenga. Dijitali haina huruma ya aina hiyo: hadi kiwango fulani picha ni safi kabisa, ukishuka chini yake kidogo hakuna kitu. Ndiyo maana namba ile ni muhimu kuliko macho. Macho yatakwambia picha ni nzuri siku ya jua, na namba itakwambia umebakiwa na nafasi gani siku ya mvua.

Jumamosi, 25 Januari

Leo ndiyo siku iliyoamua mradi, na haikuamuliwa na kompyuta.

Nimepanda darini mapema kabla jua halijawa kali. Kaskazi ilikuwa inavuma vizuri. Antena ni ile ya 2015, ndefu ya vijiti, nyuma yake kuna kisanduku cha busta, kikuza mawimbi. Chumvi ya bahari imekula skrubu, na kiunganishi cha waya kimegeuka unga wa kijani. Nimekata sentimita 20 za waya hadi nikaona shaba inayong'aa, nikafunga kiunganishi kipya. Nikaizungusha antena kulia na kushoto huku mpwa wangu akisoma namba kutoka chini: tisa, tisa, kumi, nane. Hakuna tofauti ya maana.

Ami wa nyumba ya pili alikuwa darini kwake akianika. Mzee huyu ametengeneza redio na runinga tangu zama za Sauti ya Kenya, kabla shirika halijawa KBC mwaka 1989. Alinitazama kitambo, kisha akauliza swali moja.

"Mwanangu, hiyo busta yala umeme wapi?"

"Ami, sijui. Waya unaoshuka ni mmoja tu."

"Basi yala kwa huo huo. Dekoda ndiyo ilokuwa yailisha. Na dekoda imekufa."

Nilikaa chini hapo hapo. King'amuzi cha zamani kilikuwa kinapeleka volti 5 juu kupitia waya ule ule unaoleta mawimbi. Tyuna yangu ya USB haipeleki chochote. Na busta isiyo na umeme haipitishi tu mawimbi kama yalivyo, inayazuia. Kwa siku tatu nimekuwa nikisikiliza mlango uliofungwa.

Nimeing'oa busta, nikaunganisha waya moja kwa moja na antena, nikafunika kiungio kwa mpira unaojishika wenyewe ili chumvi isirudi.

"Ishirini na tatu!" mpwa alipiga kelele kutoka chini. Nikamwambia asome tena. Ishirini na tatu.

Antena za majirani zote zinatazama upande mmoja, nami nimeifuata njia yao, nikasogeza kidogo kidogo nikisubiri sekunde kumi kila mara, kwa sababu tyuna huhitaji muda kushika. Namba imesimama 24. Skani mpya imekamata maltipleksi tano. Busta sitairudisha. Mjini mawimbi yanatosha, na busta huongeza kelele pamoja na mawimbi yenyewe.

Nimemuuliza Ami kuhusu nyumba zenyewe, kwa kuwa vichochoro vyetu ni vyembamba na kila ukuta unarudisha mwangwi. Alicheka akakumbusha picha za vivuli za zamani, msomaji habari mwenye vichwa viwili. Hilo T2 imelitibu. Data hugawanywa kwenye mamia na maelfu ya mawimbi madogo yanayokwenda kwa pamoja, na kati ya kila kundi la data na linalofuata huachwa mwanya wa muda, na mwangwi unaochelewa kidogo unaishia ndani ya mwanya huo bila kuharibu kitu.

Nimemshushia Ami kahawa na haluwa. Ni haki yake.

Jumapili, 26 Januari

Kazi ya mezani. Huduma zilizopatikana ni nyingi, lakini sehemu kubwa zimefungwa kwa msimbo wa makampuni ya kulipia. Tvheadend ina kisanduku cha kuamua kama huduma zilizofungwa zigeuzwe chaneli au la. Nimekiacha bila alama ya tiki, zisiingie. Mama akikutana na kioo cheusi mara mbili ataacha kuamini kifaa kizima. Zilizobaki ni stesheni za bure, nami nimezipanga kwa namba kama alivyozizoea: KBC ya kwanza, Citizen ya pili, kisha KTN, NTV na K24, halafu zile za dini, halafu za muziki mwisho kabisa. Kupanga namba kumenichukua muda mrefu kuliko nilivyodhani na sijutii, kwa sababu mama hatafuti jina, vidole vyake vinakumbuka namba.

Upande wa intaneti nimeongeza chaneli mbili tu, Al Jazeera na DW, ambazo wenyewe hurusha bure mtandaoni. Njia yake ni faili ya maandishi ya M3U: kila stesheni ina mstari wa jina na mstari wa anwani. Tvheadend inaipokea kama mtandao wa aina nyingine na kuzichanganya na zile za antena, kiasi kwamba aliye na rimoti haoni mshono.

Hapa niseme neno. Jamaa mmoja amenitumia orodha ya M3U yenye stesheni maelfu, mipira yote ya Ulaya, kwa ada ndogo ya mwezi. Nimeikataa. Aliyeiuza hana haki ya hata moja kati ya hizo, na Sheria ya Hakimiliki ya 2001 iko wazi. Nje ya sheria kuna jambo ambalo mafundi wenzangu hawalisemi: orodha hizo hufa kila wiki, anwani zinabadilika, na anayepigiwa simu usiku kuzirekebisha ni wewe. Sitaki kumjengea mama kitu kitakachokufa Jumanne.

Alhamisi, 30 Januari

Saa.

Mwongozo wa vipindi ulikuwa unaonyesha taarifa ya habari saa 16:00. Mama akaniuliza kwa nini habari zimehamishiwa alasiri. Tofauti ni saa tatu kamili, na saa tatu ndizo zinazotutenga na saa ya dunia ya UTC. Nilipoangalia, LibreELEC ilikuwa bado haijaambiwa iko wapi. Nimeingia kwenye mipangilio ya eneo, nikachagua Kenya, na habari zikarudi 19:00.

Furaha ikadumu nusu saa. Stesheni za maltipleksi moja sasa zilikuwa zimekimbia upande wa pili, habari saa 22:00. Kumbe kiwango kinataka ratiba irushwe kwa UTC na kifaa cha nyumbani ndicho kiongeze saa zake. Kwenye maltipleksi hii ratiba inarushwa ikiwa tayari na saa za Nairobi, kifaa changu kinaongeza tatu juu ya tatu. Kosa la kwanza lilikuwa limelificha la pili: nilipokuwa UTC, stesheni hizi pekee ndizo zilizoonekana sawa. Tvheadend ina dawa. Kwenye mipangilio ya mtandao kuna sehemu ya kusema ratiba isomwe kama saa ya hapa. Lakini mpangilio huo ni wa mtandao mzima, si wa maltipleksi moja. Kwa hiyo nimeunda mtandao wa pili, nikahamishia maltipleksi hiyo peke yake, nikaweka alama hapo. Sasa zote zinasema kitu kimoja.

Limebaki la mama. Kwake 19:00 si saa, ni hesabu. Yeye ana saa moja, saa mbili, saa tatu, siku inaanza jua linapotua, na ndivyo Waswahili tunavyohesabu. Kodi inajua saa 24 au saa 12 za Kizungu, ya kwetu haiijui, na hilo limeniuma kidogo: kifaa kinachojua kupanga saa za kila pembe ya dunia hakijui kusoma saa kama watu wa pwani nzima ya Afrika Mashariki wanavyoisoma. Tulikaa pamoja, yeye na kalamu, akaandika kwenye kadi kwa khati zake za Kiarabu, kama alivyofunzwa chuoni: 19 saa moja, 20 saa mbili, 21 saa tatu. Kadi imebandikwa kando ya runinga.

Jumamosi, 8 Februari

Wiki ya umeme. Nimechomeka diski ya nje kwenye Pi ili mama arekodi tamthilia. Kurekodi hakuhitaji nguvu, maana Tvheadend haibadilishi picha, inahifadhi ile ile iliyotoka hewani, kama GB 1.35 kwa saa kwa mawimbi ya Mbps 3. Lakini alama ya radi, onyo la umeme usiotosha, ilianza kutokea pembeni mwa skrini na tyuna ikawa inapotea katikati ya kipindi. Pi 4 hugawa ampea 1.2 tu kwa milango yote ya USB, na diski ikianza kuzunguka inakula karibu zote. Nimeweka habu ya USB, kigawanyi cha milango, yenye adapta yake ya umeme. Alama haijarudi.

Jumatano stima ilikatika tena, na intaneti ikachelewa kurudi. Pi 4 haina saa ya betri. Ikiwaka bila mtandao inadhani bado ni wakati ule ilipozimwa. Rekodi ya mama ikaanza imechelewa, ikakosa mwanzo. Nimeongeza kibao kidogo cha saa cha DS3231 chenye betri ya CR2032 na mstari mmoja kwenye faili ya config.txt, sasa saa inajikumbuka. Na Pi, habu na ruta vyote vimehamia kwenye UPS ndogo, betri ya akiba inayoshika stima ikikatika, kwa sababu kadi ya kumbukumbu ikizimwa ghafla mara nyingi mwishowe huharibika. Nakala ya mipangilio yote nimeihifadhi kwenye diski nyingine.

Jumatatu, 17 Februari

Rimoti ya pili ilikuwa inaninyima usingizi, maana mama hatashika ya runinga na ya Pi pamoja. HDMI imelimaliza: ndani ya waya ule ule kuna njia ya CEC inayopitisha vitufe vya rimoti ya runinga mpaka Kodi. Kwenye runinga yetu ilikuwa imezimwa kiwandani, kwa jina ambalo kampuni imejitungia, ndiyo maana sikuiona mapema. Kodi nayo nimeiambia ikiwaka ifungue chaneli ya mwisho moja kwa moja, isionyeshe menyu.

Jambo moja halijaisha. Tyuna ni moja, na tyuna moja hushika masafa mamoja kwa wakati. Mpira wa vijana ukiwa kwenye maltipleksi ile ile ya habari, wanaweza kuuangalia kwa simu huku mama anaangalia habari. Ukiwa kwenye nyingine, hawapati. Nimempa mama kipaumbele kwenye mipangilio, wapwa wamenuna. Kijiti cha pili nitakinunua mwisho wa mwezi, na kigawanyi cha waya kitanipunguzia karibu desibeli 4 za mawimbi. Kwenye 24 nadhani zinatosha, nitapima kwanza.

Leo adhana ya magharibi imeniita nikiwa kazini upande wa Makupa. Nimefika nyumbani saa moja na dakika kumi. Mlango wa sebule ulikuwa umefungwa, na sauti ya msomaji habari inasikika hadi kichochoroni. Simu yangu haikuwa imelia.